Roshani ya Nyumba ya Kona

Msanifu alikuwa ameshainua mkono kuwaonyesha wageni roshani nzuri kuliko zote pale uwanjani, na neno "tazameni" lilikuwa limeshamtoka, ndipo alipogundua kwamba roshani yenyewe haipo.

Alitazama tena. Nyumba ilikuwa ile ile ya kona, ya ghorofa, yenye kuta nene za mawe na chokaa. Lakini juu ya mlango, pale ambapo roshani ya mbao yenye nakshi ilikuwa imening'inia tangu enzi za babu wa babu yake, palikuwa na dirisha pana la alumini lenye kioo cha buluu. Karatasi ya dukani ilikuwa bado imebandikwa kwenye kioo. Mashimo ya boriti yalikuwa yamezibwa kwa saruji mbichi.

"Endelea, Bi Ramani," alisema Mwenyekiti. "Tutazame nini?"

Bi Ramani ndilo jina alilopewa na wafanyabiashara wa uwanjani, kwa kuwa hakuonekana bila bunda la michoro kwapani. Manispaa ilikuwa imemkabidhi kazi ya kuufufua uwanja wa mji wa kale: kung'oa lami iliyopasuka na kutandaza mawe, kuchimba mifereji mipya, kuzika nyaya za umeme zilizokuwa zikining'inia kila pembe, na zaidi ya yote kuhakikisha nyumba zinazouzunguka uwanja hazipotezi sura zake. Mwenyekiti wa kamati ya uwanja alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyependa utaratibu kuliko matokeo. Wa tatu wao asubuhi ile alikuwa mkaguzi kutoka wizarani, bwana mkimya aliyekuja kuamua kama mradi uendelee au ufie hapo.

"Roshani iko kwenye matengenezo," alisema msanifu.

"Naona," alisema mkaguzi, macho kwenye kioo cha buluu. Kisha akaangalia jalada la kabrasha alilopewa, lenye picha kubwa ya roshani hiyo hiyo. Afadhali angefoka.

Mwenyekiti hakuwa na ukimya wa namna hiyo. "Lakini hii si ndiyo nyumba ya kwenu?"

Ndiyo. Hapo ndipo penye uchungu. Nyumba pekee iliyovunja masharti yake ilikuwa ile aliyozaliwa ndani yake. Chini dada yake alikuwa na duka la ushonaji, na juu aliishi mama yao.

Aliwazungusha wageni haraka haraka, akawasindikiza mpaka kwenye gari, akarudi karibu anakimbia.

Dada yake, aliyemzidi umri kiasi cha kuwahi kumbeba mgongoni, alikuwa amepiga magoti akipima upindo wa gauni la mteja, pini zimemjaa mdomoni.

"Dada, umefanya nini?"

"Salamu kwanza," dada alisema kwa pembe ya mdomo.

"Shikamoo. Umefanya nini?"

"Marahaba. Nimeweka dirisha."

"Roshani iko wapi?"

"Imeshuka."

"Imeshukaje? Ina miguu?"

Mteja akaangua kicheko, na pini ikamchoma kwenye shavu la mguu.

Msanifu alitupa bunda la michoro juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Dada, unajua nimefanya nini kwa ajili ya huu uwanja? Mwenye duka la dawa nimemkatalia kupanua mlango. Mwenye nyumba ya wageni nimemkatalia kubandika vigae. Kuna mzee nimemkataza hata kubadilisha bawaba! Wote wamenichukia, na mimi nimekubali kuchukiwa. Leo watasema nini? Kwamba masharti ni ya watoto wa wenzangu, wa kwetu wanajifanyia watakavyo!"

"Waambie mama yako alitaka kufa," alisema dada, na akachomeka pini ya mwisho.

Akamruhusu mteja aende kubadilisha nguo, kisha akaeleza. Mama alikuwa ametoka roshanini kukung'uta shuka. Akaegemea ukingo kama alivyouegemea maisha yake yote, na ukingo ukaachia upande mmoja. Shuka ilitua uwanjani. Mama alibaki ameshikilia pazia, mguu mmoja ndani, mmoja hewani, mpaka dada alipopanda ngazi na kumvuta kwa kiuno.

"Mbona hukunipigia simu?" Sauti ya msanifu ilikuwa imeshuka.

"Nilikupigia. Nikasema ukingo umeachia. Ukasema uko kikaoni, tusiguse kitu mpaka uje upige picha."

"Hukuniambia habari za mama!"

"Ungeniacha nimalize kusema, ningekuambia."

Msanifu aliikumbuka simu ile. Alikumbuka pia kwamba kikaoni walikuwa wakibishana kuhusu rangi ya mapipa ya taka. Lakini hakuwa tayari kushindwa kirahisi hivyo.

"Ungefunga ule mlango wa kutokea roshanini. Ungeweka nguzo ya kuegemeza. Hapana, wewe umengoja nisafiri, ndipo ukaleta watu wa nyundo. Niambie kama nasema uongo."

Dada alichukua mkasi na kukata uzi ambao haukuhitaji kukatwa. Msanifu akajua amepata jibu.

"Nyinyi wawili!" Sauti ya mama ilishuka kutoka juu, kali kama walivyoijua tangu utotoni. "Kelele zenu zinafika mpaka huku. Zile mbao baba yenu alizipaka mafuta kila mwaka kwa mkono wake. Nendeni mkazilete. Wote wawili, na mmoja akirudi bila mwenzake, mlango huu hataukuta wazi."

Mbao zilikuwa zimechukuliwa na seremala mwenye karakana nyuma ya soko. Watu walimwita Fundi Kesho. Alikuwa na mikono mizuri sana, ila ukimwagizia kitanda cha mtoto, mtoto angekilalia akiwa na ndevu.

Walimkuta amelala juu ya benchi la kazi, kofia imemfunika uso.

"Mbao zipo," alisema kabla hata hawajauliza vizuri. "Msiwe na wasiwasi. Zipo."

"Ziko wapi?"

"Zipo. Ila siyo hapa."

Msanifu alishusha pumzi. "Fundi, vipande vya roshani kama ile havipatikani tena. Uliwezaje kuvigawa kama karanga?"

"Dada yako aliniambia niziondoe," alisema Fundi Kesho, akijikuna shingo. "Hakuniambia niziombolezee."

Kilichobaki kwake ni ile mikono mizito ya mbao iliyokuwa imeibeba roshani kutoka chini, na hiyo ilibaki kwa sababu hakuna aliyeweza kuinyanyua. Ukingo wa kushikia ulikuwa umekwenda kwa mwenye mkahawa, paneli za nakshi kwa mama mmoja mfuga kuku, na nguzo kwa vijana fulani waliooana juzi juzi. Aliahidi kwenda kuvikusanya vyote.

"Lini?" akina dada waliuliza kwa pamoja.

Fundi akawapa mkokoteni.

Mkokoteni ule ulikuwa na gurudumu lililovuta kushoto. Basi watu wa mji waliwaona wanawake wawili wazima, mmoja amevaa viatu vya ofisini, mwingine futi kamba imemning'inia shingoni, wakisukuma mkokoteni kwa mshazari huku wakitupiana maneno.

"Sukuma kulia."

"Nasukuma kulia."

"Hiyo ni kulia ya nani?"

Mkahawani waliukuta ukingo umegeuzwa kuwa pambo la kaunta, umesuguliwa ukang'aa. Mwenye mkahawa alikataa katakata kuutoa. Na kabla msanifu hajajieleza, akampa mhadhara.

"Dada yangu, watu wa siku hizi hamna uchungu na vitu vya kale," alisema, akiupapasa ukingo kama anayempapasa paka. "Ninyi mnabomoa tu. Mtu unaona mbao kama hii inataka kutupwa, roho inakuuma. Lazima tutunze urithi wetu!"

Msanifu alifumba macho. Maneno yale aliyajua neno kwa neno, maana ni yeye aliyeyatunga na kuyabandika kwenye nguzo zote za uwanjani.

"Bwana," dada aliingilia, akiangalia meza huku na huku, "hivi vitambaa vya meza ulishona wapi? Vimepinda kila kimoja."

Mwenye mkahawa akajitetea kuwa fundi alikuwa na haraka. Dada akashika pembe ya kitambaa, akatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari. Haikupita muda walikuwa wamekubaliana: vitambaa vipya kwa meza zote, ukingo uende. Msanifu aliubeba mpaka mkokotenini bila kusema asante. Ilimkera kwamba jambo lilifanikiwa bila barua ya manispaa aliyokuwa ameshaitoa mkobani.

Kwa mfuga kuku, mambo yalikuwa magumu zaidi. Zile paneli zilikuwa zimepigiliwa ubavuni mwa banda, maua na majani yaliyochongwa kwa subira sasa yakipambwa na manyoya.

"Tangu niziweke, kuku wangu wameacha kukohoa," alisema yule mama. "Hewa inapita vizuri, jua haliingii. Aliyezichonga alijua kazi. Siwapi."

"Mama, hizo zilitengenezwa kwa ajili ya watu," alisema msanifu.

"Sasa watu si wamezitupa? Kuku wangu hawakuzitupa."

Mwishowe yule mama alikubali, kwa sharti kwamba aachiwe banda zima kabla kuku hawajarudi kulala. Dada alimkimbilia mwenye duka la vifaa, akarudi na bunda la wavu wa chuma. Msanifu akavua koti, akaingia bandani ameinama, akaanza kung'oa paneli na kupigilia wavu. Jogoo alimparua kisigino. Samadi ilimpanda mpaka magotini. Alipojigonga kidole kwa nyundo, alitoa neno ambalo mama yao asingelipenda.

"Shahada mbili," alisema dada, akimshikia wavu kwa nje, "na msumari bado unakushinda."

"Nyamaza, Dada."

"Nimenyamaza."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya wale maharusi. Bibi harusi alifungua mlango nusu, akawasikiliza mpaka mwisho, akainamisha uso.

"Nguzo zipo," alisema kwa sauti ndogo. "Ila ndiyo miguu ya kitanda. Na mume wangu... yaani, amelala. Alikuwa zamu ya usiku."

Msanifu alitaka kusema kitu kuhusu thamani ya zile nguzo. Dada akamshika mkono kwa nguvu. "Hizo tuziache, mdogo wangu. Bi harusi, hongera. Mungu awape kheri."

Walipofika nje ya geti dada alicheka mpaka akalazimika kuushikilia mkokoteni. Msanifu alijaribu kukaza uso, akashindwa kidogo, kisha hasira zikarudi.

"Kwako wewe ni mchezo tu. Mkaguzi akiuua mradi, mimi ndiye nitakayeitwa mjinga. Mifereji haitachimbwa, nyumba zitaanza kubomoka moja moja, na watu watajenga masanduku ya vioo kuzunguka uwanja. Hilo ndilo unalotaka?"

Dada aliacha kucheka. Walikuwa wamesimama kivulini mwa ukuta, mkokoteni umewaelemea.

"Nikuulize kitu," alisema. "Kwenye michoro yako, mama analala wapi?"

"Swali gani hilo?"

"Fungua unionyeshe."

Msanifu aliifungua juu ya paneli za nakshi, amekasirika, akiwa na uhakika kwamba jibu limo. Uso wa nyumba ulikuwepo wote: kila ua la roshani, kila ufa wa chokaa, hata kigae kilichovunjika juu ya paa alikichora. Nyuma ya ukuta palikuwa peupe. Katikati ya weupe ule aliandika neno moja kwa mwandiko wake nadhifu: makazi.

"Nilikuomba tuweke choo juu," alisema dada. Safari hii hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ukasema bomba litaonekana uwanjani."

"Lingeonekana."

"Sawa. Basi na mama naye anaonekana. Goti lile halikunjiki. Kila asubuhi anashuka zile ngazi kwa makalio, kidato kwa kidato, kwenda choo cha uani. Mwenye duka la dawa anamwona. Wateja wangu wanamwona. Wewe tu ndiye humwoni, maana ukija unasimama uwanjani, unaangalia juu."

Msanifu alikunja mchoro. Bado alikuwa amejaa hasira, ila hakujua tena ampe nani. Alimkasirikia dada kwa kuficha, Fundi Kesho kwa kugawa, kamati kwa kupiga domo, na yule mwanamke mwenye viatu vilivyojaa samadi aliyeandika makazi na kuona kazi imekwisha.

"Ungeniambia hivyo tangu mwanzo," alisema mwishowe.

"Nimekuambia tangu mwanzo. Shika huko, tusukume."

Kikao cha kamati kiliitishwa wiki hiyo hiyo, na mkaguzi alikuwepo. Mwenyekiti alifungua kwa maneno marefu kuhusu utaratibu, kisha akatoa pendekezo lake. Mwenye nyumba ya kona apewe adhabu ili wengine waogope, na roshani itengenezwe upya kwa plastiki ngumu, ipakwe rangi ya mbao. "Ukiwa chini huwezi kujua," alisema kwa fahari. "Na haina mchwa."

"Atakayeiegemea atajua," alisema msanifu.

"Hakuna haja ya kuiegemea. Ni ya kutazamwa."

Mjumbe mmoja akauliza kama ile plastiki ingepatikana pia kwa ajili ya mapipa ya taka, maana suala la rangi lilikuwa bado halijafungwa. Mwingine akasema kijani. Wa tatu akasema kijani ilishakataliwa. Kumbukumbu za kikao kilichopita zikaanza kutafutwa.

Msanifu alipiga meza, glasi zikaruka.

"Mapipa yawe rangi yoyote! Yawe na madoa kama chui, mimi sijali! Kuna mtu nusura aanguke kutoka kwenye kitu tulichomkataza kukigusa. Siyo dada yangu aliyeiangusha roshani ile. Tumeiangusha sisi, tukiwa tumekaa kwenye viti hivi hivi, tukisema subiri. Mimi wa kwanza. Tumewaambia watu wasipigilie msumari, lakini hatukuwaambia wafanye nini mvua ikiingia. Tutawaadhibu mpaka lini? Wakihama wote, tutabaki na uwanja mzuri wa kupigia picha na popo ndani ya nyumba."

Akatoa karatasi ya mapendekezo yake, akisoma kwa pupa asije akakatizwa. Kitu kinachohatarisha maisha kiondolewe au kiegemezwe papo hapo, taarifa itolewe siku hiyo hiyo, na mbao zitunzwe na manispaa. Vyoo, mabomba na majiko yaruhusiwe ndani, yakipitia upande wa ua. Na yeye mwenyewe angeingia kila nyumba, chumba kwa chumba, achore upya.

"Hilo litachelewesha mradi," alisema Mwenyekiti.

Mkaguzi alikohoa. Wote walimgeukia, maana wengi walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake.

"Tulikuwa na nyumba kama zile," alisema. "Nzuri sana. Tulihama kwa sababu ya choo." Akafunga kabrasha. "Mimi naona iandikwe hivyo."

Chakula cha mchana kilikuwa kinapoa chumba cha pili, na harufu ilikuwa imeshafika. Pendekezo likapita bila pingamizi.

Kilichofuata kilikuwa kumshurutisha Fundi Kesho. Msanifu aligeuza ndoo karakanani kwake, akaikalia, akaanza kuchora vyumba vya uwanjani akiwa pale pale, asubuhi kwa asubuhi. Hakumgombeza. Alikaa tu, akiinua macho kila randa iliponyamaza. Mwishowe fundi alifanya kazi ili tu amwone akiondoka na ndoo irudi kwenye matumizi yake.

Waliipandisha roshani kukiwa na watu wengi wanaotoa ushauri bila kuombwa. Vyuma vilipenyezwa ukutani kubeba uzito, vikafunikwa na ile mikono ya zamani. Ukingo ulirudi, paneli zikarudi baada ya kuoshwa na kuoshwa tena. Nguzo zilikuwa mpya, za mbao nyeupe, bila nakshi yoyote, kwa kuwa msanifu alikataa kughushi.

"Zinafanana na miguu ya meza ya jikoni," alisema dada.

"Ndivyo zinavyotakiwa. Mtu ajue kipi cha kale na kipi kipya."

"Atajua. Hata kipofu atajua."

Lile dirisha la kioo cha buluu dada hakukubali litupwe. Likaishia upande wa uani, kwenye bafu jipya la mama, ambako liliufanya mwanga wote uwe wa buluu na kumfanya kila anayenawa uso aonekane mgonjwa. Msanifu alilichukia kila alipoliona. Mama alilipenda.

Siku ya kuufungua uwanja upya, mgeni rasmi alihutubia kwa muda mrefu, na wapiga picha walipochoka naye walipanda kwenye nyumba ya kona. Mama alikuwa ameketi roshanini, mguu mbovu ameunyoosha juu ya kigoda. Mwandishi wa habari, kijana mwenye adabu, akamwinamia na kinasa sauti.

"Bibi, wewe umeishi hapa miaka yote. Unaionaje roshani baada ya kazi kubwa hii ya kuihifadhi?"

Mama aliupapasa ukingo, akaangalia nguzo, akaangalia paneli. Akafikiri.

"Naona iko kama zamani tu," alisema. "Sijui hawa watoto walikuwa wanahangaika nini."

Dada alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Msanifu alivuta pumzi ndefu, akafungua kinywa amweleze mwandishi habari za vyuma vilivyofichwa, za mchwa, za kamati, za kuku, mambo yote tangu mwanzo.

"Mwanangu," alisema mama, akimsukuma nyonga kwa kiganja, "sogea kidogo. Unaniziba."

Msanifu akasogea.